Pumzi Inapobanwa Mbioni

Kijana akibanwa pumzi uwanjani, wengi hutaja pumu papo hapo. Hupewa dawa ya kuvuta, na asipopata nafuu huongezewa. Mimi naona dawa ikishindwa kazi, tuanze kuutilia shaka ugonjwa tuliomtajia.

Ulizeni kwanza: hubanwa lini, na hewa hukwama ikiingia au ikitoka? Katika pumu ya mazoezi, pumzi za kasi hukausha mirija ya mapafu nayo ikasinyaa. Mara nyingi shida hupamba moto dakika 5 hadi 15 baada ya mtu kusimama, na kifua hulia mluzi anapotoa pumzi. Ila ipo hali nyingine isiyojulikana sana: zoloto, penye nyuzi za sauti, hujibana mbio zinapokolea. Hapo hewa hukwama ikiingia, mkoromo husikika kooni, na akisimama hupata nafuu baada ya dakika chache. Huwapata zaidi vijana, hasa wasichana. Dawa ya pumu haiwezi kulifungua koo hilo. Husaidia zaidi kufundishwa namna ya kupumua.

Kumpima mtu akiwa ameketi hakutoshi. Wenye shida hizi wengi hupuliza vizuri kwenye kipimo cha mapafu, wakarudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu, na hilo huwaumiza mno. Kinachotakiwa ni kumkimbiza dakika 6 hadi 8, moyo ukifikia asilimia 80 hadi 90 ya upeo wake, kisha apulize tena na tena kwa nusu saa. Hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza ikipungua kwa asilimia 10 au zaidi, mirija imebana kweli. Kwa zoloto, madaktari wa Bergen, Norway, walibuni njia ya kupitisha kamera nyembamba puani huku mtu akikimbia. Wako pia wenye hali zote mbili.

Kamera hiyo ni adimu kwetu. Basi mrekodini kwa simu akiwa amebanwa, sauti isikike, daktari aone. Ombeni na kipimo cha wingi wa damu, maana upungufu wake nao hukatisha pumzi. Na aliyezimia au kuumwa kifua akikimbia asirudishwe uwanjani, wala asikimbizwe kwa kipimo, kabla moyo wake haujachunguzwa.