Hoho Iliyopasuka Haitaki Dawa ya Ukungu

"Nipige dawa gani?" Swali hili huja na picha ya hoho yenye mistari ya kahawia begani, na mara nyingi dawa imeshanunuliwa. Usipige dawa yoyote. Hoho hiyo haiumwi.

Kinachoipasua ni maji. Shamba likikaa kavu siku kadhaa, ngozi ya tunda hukakamaa. Ikija mvua kubwa, au ukimwagilia kwa pupa ili kufidia, mizizi husukuma maji kwa kasi. Nyama inavimba, ngozi haifuatii, inachanika. Usiku hali huwa mbaya zaidi: hewa ina unyevu, majani hayapotezi maji, lakini mizizi inaendelea kunyonya, na shinikizo linaliangukia tunda. Hoho zenye nyama nene na zilizokwisha kukomaa ndizo zinazopasuka sana.

Imani kwamba ni ukungu haifi kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Mkulima anapiga dawa ya ukungu ya mankozebu leo, wiki ijayo mvua inakatika, matunda machanga yanatoka laini, na sifa zote zinakwenda kwa dawa. Jirani ambaye hakupiga kitu naye anavuna hoho laini wiki hiyohiyo, ila hakuna anayemuuliza. Mankozebu hukaa juu ya jani na tunda ili vimelea visiote. Haipunguzi shinikizo la maji ndani ya tunda, wala haishoni ngozi iliyokwisha kuchanika. Umetupa fedha, na umeacha masalia ya sumu kwenye tunda ambalo watu hulila bichi katika kachumbari, maana siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko hazisubiriwi soko likiwa kesho.

Wengine husisitiza kwamba wameuona ukungu kwenye ufa kwa macho yao. Naam, uliingia baada ya ngozi kupasuka. Ugonjwa wa ukungu kama chule huanza na doa la mviringo lililodidimia, linalopanuka siku hadi siku. Ufa wa maji ni mstari mwembamba, mkavu, wenye kovu gumu, na hauambukizi tunda la pembeni. Pilipili aina ya jalapeño huwa na mistari kama hiyo kwa asili yake.

Basi shika haya. Mwagilia kidogo kidogo, mara kwa mara, asubuhi. Jioni funga maji. Weka matandazo. Kwenye kitalu nyumba, acha hewa ipite hata usiku. Usipunguze majani wala matunda kupita kiasi, kwa kuwa machache yanayobaki hupokea maji yote. Mvua zikikaribia, vuna hoho zilizofikia ukubwa zikiwa bado kijani. Msimu ujao, chagua mbegu isiyopasuka kirahisi. Hoho zenye mistari mikavu ni salama kuliwa, uza mapema. Zenye ufa mbichi zitenge na tenga la sokoni, kwa sababu hapo ndipo uozo huanzia.