Kubanwa na Misuli Katika Triathloni: Chanzo Chake na Namna ya Kumaliza Salama

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mbio za hisani, mabonanza ya watumishi na safari za baiskeli za mwisho wa wiki zimekuwa sehemu ya maisha ya miji yetu mingi. Miongoni mwa wanaoshiriki, wapo ambao sasa wanatamani hatua iliyo ngumu zaidi, nayo ni triathloni: mchezo ambao mshiriki huogelea, kisha huendesha baiskeli, na hatimaye hukimbia, yote kwa mfululizo, huku saa ikiendelea kuhesabu hata anapobadili viatu.

Mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2000 jijini Sydney, Australia. Umbali wake wa Olimpiki ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia. Yapo pia mashindano marefu zaidi, yaliyoanzia Hawaii, Marekani, mwaka 1978, ambako mshiriki huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia marathoni kamili ya kilomita 42.2. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nusu ya umbali huo imekuwa ikishindaniwa Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, tangu mwaka 2022.

Adui anayewakwamisha wengi katika safari hiyo ni kubanwa na misuli, hali ambayo msuli hujikaza ghafla bila mwenyewe kutaka, hugeuka mgumu kama jiwe na kuleta maumivu makali. Hali hii hushika zaidi vigimbi, misuli ya nyuma ya paja na misuli ya mbele ya paja. Aghalabu huachia baada ya muda mfupi, lakini muda huo mfupi una uzito tofauti kulingana na mahali ulipomkuta mtu. Aliyebanwa barabarani anaweza kusimama. Aliyebanwa majini hana pa kusimama.

Je, ni upungufu wa maji na chumvi?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba misuli hubana kwa sababu mwili umepoteza maji na chumvi kupitia jasho. Fikra hii ina historia ndefu. Mapema katika karne ya 20, madaktari waliowahudumia wachimbaji wa migodi na wachochea makaa wa meli za mvuke waliona kuwa watu hao, waliofanya kazi nzito kwenye joto kali na kunywa maji matupu, walipata mikakamao mikali, na kwamba maji yenye chumvi kidogo yaliwasaidia. Hata leo, mtu anayetoka jasho jingi kwa saa nyingi anapoteza sodiamu, na hana budi kuirudisha kwa chakula au kinywaji.

Hata hivyo, utafiti wa miongo ya karibuni umeonesha kuwa maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 2011, watafiti wa Afrika Kusini wakiongozwa na Martin Schwellnus walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washiriki 210 wa triathloni ya masafa marefu. Washiriki 43 kati yao walibanwa na misuli. Walipolinganishwa na wenzao, hawakuonekana kuwa na upungufu mkubwa zaidi wa maji wala wa sodiamu katika damu. Kilichowatofautisha ni mambo mawili: walikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na walikuwa na historia ya kubanwa na misuli hapo kabla.

Uchovu na mawasiliano ya mishipa ya fahamu

Kutokana na ushahidi wa aina hiyo, wataalamu wengi hivi sasa wanauelekeza mjadala kwenye uchovu wa msuli wenyewe na mawasiliano yake na uti wa mgongo. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyohisi kuvutwa na kuuamuru msuli ujikaze. Kwenye kano, yaani mahali msuli unapoungana na mfupa, kuna vipokezi vingine vinavyohisi mvutano na kuuamuru msuli ulegee. Kwa kawaida amri hizi mbili huwa katika mizani. Msuli unapochoka kupita kiasi, amri ya kujikaza huongezeka nguvu na amri ya kulegea hufifia. Mizani inapoelemea upande mmoja, msuli hukaza na kubaki umekaza.

Maelezo haya yanafafanua mambo mawili ambayo wanamichezo huyaona mara kwa mara. La kwanza, msuli hubana kwa urahisi ukiwa katika hali ya kufupishwa, kama kigimbi cha muogeleaji aliyenyoosha vidole vya miguu kuelekea nyuma. La pili, kuunyoosha msuli uliobana huleta nafuu ya haraka kuliko kunywa maji, kwa kuwa kunyoosha huvuta kano na kuamsha ile amri ya kulegea. Maji yaliyonywewa sasa hivi hayajafika hata kwenye damu.

Hatari ya kunywa kupita kiasi

Imani kwamba kila mkakamao ni kiu imewafanya baadhi ya wanamichezo kunywa maji mengi kuliko mwili unavyohitaji. Maji yakizidi, sodiamu katika damu huzimuliwa na kushuka, na ubongo unaweza kuvimba. Utafiti wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, uliochapishwa mwaka 2005, ulibaini kuwa asilimia 13 kati yao walikuwa na kiwango cha sodiamu kilicho chini ya kawaida. Jambo lililohusishwa zaidi na hali hiyo lilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, dalili ya kunywa kuliko kinachotoka. Kwa sababu hiyo, ushauri unaokubalika ni kunywa kwa kufuata kiu, na kwa safari za saa nyingi kuchanganya maji na chakula au kinywaji chenye chumvi.

Nini kifanyike unapobanwa

Majini: usipigane na maji. Geuka ulale chali, elea, kisha vuta vidole vya mguu uliobana kuelekea kwenye goti. Msuli usipoachia, inua mkono kuwaita waokoaji. Kanuni za mchezo huu zinamruhusu mshiriki kushika boya au mtumbwi uliosimama ili apumzike, mradi asiutumie kusonga mbele.

Kwenye baiskeli: punguza gia ili pedali iwe nyepesi, kisha shusha kisigino chini unapokanyaga. Maumivu yakizidi, ondoka kwenye njia ya wenzako na ushuke.

Wakati wa kukimbia: simama, nyoosha msuli polepole bila kuuvuta kwa kushtukiza, tembea, kisha urejee kwa kasi ndogo kuliko ya awali. Anayerejea kwa kasi ileile hubanwa tena baada ya mita chache.

Kwa upande wa kinga, jambo kubwa ni kwenda kwa kasi uliyoizoea mazoezini. Mshiriki afanye pia mazoezi ya kuunganisha, yaani kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, kwa kuwa miguu isiyozoea badiliko hilo huchoka mapema. Mazoezi ya nguvu na usingizi wa kutosha vinasaidia kuchelewesha uchovu.

Lini uvumilivu una mipaka

Historia ya Taifa letu ina mfano mkubwa wa uvumilivu. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, John Stephen Akhwari alibanwa na misuli katika marathoni, kisha akaanguka na kuumia goti na bega. Aliendelea goti likiwa limefungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, ilhali walioanza walikuwa 75. Dunia inamheshimu hadi leo.

Pamoja na heshima hiyo, ni muhimu kutofautisha maumivu yanayovumilika na dalili zinazotaka mtu asimame mara moja: kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, kuumwa kichwa sana, degedege, maumivu ya kifua, au mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, unaoweza kuashiria kuwa misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Mwenye dalili hizo apelekwe kwa tabibu bila kusubiri mstari wa mwisho. Vilevile, anayebanwa na misuli mara kwa mara hata akiwa amepumzika, mjamzito, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za kuongeza mkojo, apate ushauri wa daktari kabla ya kuanza mazoezi makali.

Wananchi wanakumbushwa pia kutofanya mazoezi ya kuogelea ziwani au baharini wakiwa peke yao, hata kama ni waogeleaji hodari. Ajali ya majini inapotokea, taarifa itolewe mapema kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114.