Mjue Nondo Mdogo Aharibuye Majani ya Kahawa

Ndugu mkulima, ukipita kati ya mibuni yako ukaona majani yana madoa makubwa ya rangi ya udongo, usikimbilie dukani kununua dawa. Kwanza chuma jani moja lenye doa, ulikunje polepole juu ya kidole chako. Ikiwa ngozi ya juu inaachana na jani na kupasuka kama karatasi, na ndani yake mna viwavi wadogo weupe pamoja na mavi yao meusi, basi adui umemwona. Doa la ugonjwa halina nafasi ndani. Kutu ya majani huonyesha unga wa rangi ya machungwa upande wa chini, na jani lililoungua kwa jua hukauka tu.

Mama wa viwavi hao ni nondo mweupe, urefu wake kama milimita 3. Wataalamu humwita Leucoptera. Mchana hujificha chini ya majani, ndiyo maana mtu aweza kulima kahawa miaka mingi asimjue. Tikisa mti, nawe utawaona wakiruka kama majivu yaliyopulizwa.

Hapa Kenya wako wa namna mbili hasa. Leucoptera meyricki hupenda shamba la wazi lenye jua, na mayai yake hutawanyika juu ya jani bila kugusana. Leucoptera caffeina hupenda kivuli, naye huyapanga mayai kwa mstari kando ya mshipa mkubwa wa jani. Mayai ni madogo mno. Tumia kioo cha kukuzia.

Yai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, kwa kadiri ya joto la mahali. Kiwavi hatembei nje: hutoboa jani papo hapo chini ya yai, akaingia. Humo hula nyama ya jani kwa muda wa wiki mbili na nusu hadi tano, na mashimo ya viwavi kadhaa huungana yakawa doa moja kubwa. Akishakua hutoka, hujishusha kwa uzi mwembamba, kisha hufuma kifuko cheupe mfano wa herufi H upande wa chini wa jani, mara nyingi jani lililokwisha kuanguka. Baada ya wiki moja au mbili hutoka nondo.

Jani lililoliwa sana huanguka kabla ya wakati wake, na mti usio na majani hauwezi kulisha buni zake. Hasara hiyo utaiona siku ya kupima kahawa kiwandani.

Lakini nondo huyu ana maadui. Wako nyigu wadogo sana wanaotaga mayai katika viwavi na kuwaua humo humo ndani ya jani. Mwaka 1964 mtaalamu H. A. Bess alichapisha uchunguzi wake juu ya nondo na nyigu hao katika mashamba ya Kenya, yaliyopigwa dawa na yasiyopigwa. Dawa kali inayoua kila mdudu huua nyigu kwanza, kwa maana wao wako nje, na viwavi wamefunikwa. Parathion, iliyosifiwa sana zamani, ilikuwa dawa ya namna hiyo. Sasa imepigwa marufuku.

Kwa hiyo tikisa miti kadhaa kila wiki, uhesabu nondo, uandike. Wakizidi kuongezeka, mpelekee Afisa wa Kilimo hesabu yako pamoja na majani machache, akuambie kama dawa inahitajika na ni ipi. Wakati wa kupiga ni kama wiki moja baada ya nondo kuwa wengi kabisa, viwavi wakiwa bado wachanga.

Na ukishapiga, usiipime dawa kwa madoa, maana jani lililotobolewa haliponi. Baada ya siku chache fungua tena majani kumi, utazame kama viwavi waliomo wangali hai.