Je, Mionzi ya Simu Huharibu Vinasaba?

Mama mmoja alikuja kliniki na mwanawe mchanga aliyezaliwa na mgongo wazi. Kabla hatujazungumzia upasuaji, aliuliza: "Daktari, ujauzito wote nililala na simu kando ya tumbo. Je, ni mimi niliyemdhuru mtoto?"

Nilimjibu: "Hapana, mama. Hakuna ushahidi kwamba simu husababisha ulemavu huu." Alistahili pia kuelezwa sababu.

Simu huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio. Nishati ya mawimbi hayo ni ndogo mno kuweza kukata moja kwa moja vifungo vya kikemia vya DNA, tofauti na mionzi ya eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kupasha joto kidogo tishu zilizo karibu.

Hata hivyo, wanasayansi hawajapuuza suala hili. Mwaka 2011, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwaka 2018, watafiti wa Marekani waliripoti uvimbe wa moyo kwa panya dume waliopigwa mawimbi mwili mzima, takriban saa 9 kwa siku kwa miaka 2. Lakini panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa mawimbi. Kwa upande wa binadamu, mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha ongezeko la saratani ya ubongo kwa watumiaji wa simu.

Mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajitambua kuwa ni mjamzito. Urithi huchangia ulemavu huu, na upungufu wa foliki asidi pia. Mwaka 1991, utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku, zikianzwa kabla ya mimba, zilipunguza kwa asilimia 72 hatari ya ulemavu huo kujirudia kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo.

Kwa hiyo, mama huyu anahitaji kuandikiwa dozi hiyo kubwa kabla ya mimba ijayo. Wanawake wengine wanaotarajia kushika mimba hushauriwa kutumia miligramu 0.4 kila siku, hadi wiki ya 12 ya ujauzito.

Anayetaka kupunguza mawimbi atumie spika au ujumbe mfupi. Nanyi wahudumu wenzangu, msimcheke mama anayeuliza kuhusu simu. Mjibuni, kisha mumuulize kama ameanza foliki asidi.