Kabla ya Kubonyeza, Kadiria

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa, lakini udongo na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Funzo lake ni kwamba mashine haiwezi kushika nafasi ya kupima.

Funzo hilo lahusu pia vyombo vya kufundishia uhandisi. Katika miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria, vilishirikiana na chuo cha MIT cha Marekani kuendeleza maabara za mbali. Katika maabara ya namna hiyo, mwanafunzi huandika kwenye kompyuta kiasi cha volti akitakacho. Amri husafiri kwa intaneti hadi kwenye chombo halisi, nacho hupima mkondo wa umeme na kurudisha jibu. Hivyo chombo kimoja huweza kuhudumia wanafunzi wengi, mchana na usiku.

Hata hivyo, mwanafunzi anayebonyeza na kunakili tarakimu hajifunzi uhandisi. Hana budi kwanza kukadiria jibu, kisha apime, na mwishowe aeleze kwa nini makadirio na kipimo vimetofautiana. Katika tofauti hiyo ndipo elimu inapopatikana.

Njia hii haingoji kompyuta. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo hupitisha umeme. Kinywe, kikichanganywa na udongo wa mfinyanzi, ndicho kiini cheusi cha penseli. Pasua penseli kwa urefu ili kiini kionekane. Unga betri mbili za tochi, balbu ndogo na kiini hicho kwa waya, umeme upite sentimita 5 za kiini. Kabla ya kuongeza urefu hadi sentimita 10, kila mwanafunzi aandike: je, mwanga utazidi, utapungua, au hautabadilika?

Mwanga utapungua, kwa kuwa urefu ukiongezeka ukinzani nao huongezeka. Aliyekosea katika makadirio yake asione haya. Na aulize sababu. Heri kosa la daftarini leo kuliko kosa la shambani kesho.