Unataka kusoma masta ya uongozi wa huduma za afya? Anza na karatasi zako

Makala hii ni kwa ajili yako wewe uliyesoma uuguzi, maabara, afya ya jamii au utawala ukiwa Kongo, Burundi au hapa Uganda, na sasa unaishi hapa Nakivale huku karatasi zako zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Labda unajitolea kituoni. Labda unalima na kungoja. Moyoni unajiuliza: je, ninaweza kuendelea hadi masta ya uongozi wa huduma za afya?

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Lakini njia hii ina ngazi, na ngazi ya kwanza siyo fomu ya chuo. Ngazi ya kwanza ni kulinganisha vyeti vyako. Mimi ninayekuandikia nimemaliza sekondari tu, na ni mhudumu wa kujitolea wa afya katika jamii. Nimeijua njia hii kwa sababu nilimsindikiza jirani yangu, ambaye ni muuguzi, na nikaona mahali alipojikwaa. Sipendi na wewe ujikwae hapo hapo.

Kwa nini uongozi, na siyo kutibu tu?

Nikupe mfano mmoja. Msimu mmoja wa mvua, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, dawa ya malaria iliisha. Mama walibeba watoto wenye homa, wakaandikiwa dawa na kuambiwa wakanunue dukani. Muuguzi alikuwepo. Kipimo kilikuwepo. Dawa haikuwepo kwa sababu aliyeagiza alinakili agizo la miezi ya kiangazi. Hakuangalia kwenye rejista wagonjwa waliongezeka kiasi gani mvua za mwaka uliotangulia.

Hilo siyo kosa la kutibu. Ni kosa la kupanga. Uongozi wa huduma za afya ni kazi ya kuhakikisha dawa, watumishi, fedha, maji na takwimu vinakutana mahali pamoja siku mgonjwa anapofika. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua sana, na kituo chenye kidogo kinahitaji mtu anayejua kupanga kuliko kituo chenye vingi. Mtu huyo anaweza kuwa mmoja wetu, anayejua lugha za watu wake na anayejua kwa nini mama wa upande fulani hafiki kliniki.

Masomo haya yana nini ndani yake?

Katika masta ya uongozi wa huduma za afya utasoma bajeti na hesabu za fedha, usimamizi wa watumishi, ugavi wa dawa na vifaa, takwimu za afya, ubora wa huduma, sera na sheria. Mwishoni utafanya utafiti wako na kuuandika. Kwa kawaida huchukua miaka 2 hivi.

Usichanganye mambo matatu. Masta ya afya ya jamii huangalia zaidi magonjwa na kinga yake kwa watu wengi. Masta ya biashara yenye tawi la afya huangalia zaidi fedha na uendeshaji wa shirika. Masta ya uongozi wa huduma za afya iko katikati. Tena ujue kwamba cheti cha uongozi hakikupi ruhusa ya kutibu. Kutibu kunatolewa ruhusa na baraza la taaluma yako. Kwa wauguzi na wakunga hapa Uganda ni Baraza la Wauguzi na Wakunga.

Kwa hapa karibu, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, kinajulikana kwa masomo ya uongozi wa huduma za afya. Chuo Kikuu cha Makerere kina masta ya afya ya jamii. Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Rwanda kimefundisha masta ya utawala wa hospitali, na Mzumbe ya Tanzania inajulikana kwa masomo ya usimamizi wa mifumo ya afya. Kabla ya kuchagua, uliza chuo chenyewe kama somo unalolitaka linafunguliwa mwaka huo.

Ngazi ya kwanza: cheti chako kina uzito gani hapa?

Masta hupokea mtu mwenye shahada ya kwanza. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka, kwa sababu majina ya vyeti hayafanani kutoka nchi hadi nchi.

Kongo, kwa mfumo wa zamani, ukimaliza sekondari unapata diploma ya serikali, ile tunayoiita D6. Ukisoma miaka 3 chuoni unapata graduwa. Ukiongeza miaka 2 unapata lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo viliingia katika mfumo wa LMD, ambamo lisansi ni miaka 3 na masta ni miaka 2. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema "nina lisansi", mmoja amesoma miaka 5 na mwingine 3. Burundi kuna mfumo wa BMD, ambamo bakalorea ni shahada ya chuo kikuu, lakini katika nchi nyingine neno hilo hilo ni cheti cha sekondari. Na muuguzi wa A2 wa Kongo amesomea uuguzi katika ngazi ya sekondari, siyo chuo kikuu. Ofisa wa chuo hawezi kuyajua yote haya kwa kuangalia tu muhuri.

Ndiyo maana kuna ofisi za kulinganisha vyeti. Hapa Uganda, cheti cha sekondari hulinganishwa na baraza la mitihani, UNEB. Diploma na shahada za vyuo vya nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Wewe huombi upendeleo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti vya nje, kupunguziwa ada na kupewa msaada wa masomo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inataja kutambuliwa kwa vyeti.

Jirani yangu alikuwa na graduwa ya uuguzi. Hakujua habari hizi. Mtu mmoja alimwambia ana "njia ya ndani" chuoni, akachukua shilingi 600,000 ambazo mume wake alipata kwa kuuza mahindi na mbuzi wawili. Alipewa barua nzuri yenye rangi. Chuo kilipoiona kikasema hakiijui, kisha kikamuuliza: barua ya kulinganisha vyeti vyako iko wapi? Hakuwa nayo. Mwaka ukapita. Alipofuata njia ya kweli, jibu lilikuwa kwamba kwa karatasi zake yeye bado anahitaji shahada ya kwanza kabla ya masta. Alilia, sitaficha. Lakini alijua amesimama wapi. Sasa anasoma shahada hiyo, na miaka aliyosoma nyumbani haikupotea yote. Kama angeuliza mwanzoni, mbuzi wangekuwepo na mwaka ungekuwepo.

Unachohitaji kwa kulinganisha vyeti

Kusanya vitu hivi kabla ya kupanda gari kwenda Kampala:

1. Vyeti vyenyewe, siyo nakala tu.
2. Karatasi za alama za kila mwaka, zile tunazoita releve. Cheti bila alama hakisaidii sana.
3. Tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na mtafsiri anayetambuliwa. Tafsiri ya rafiki yako, hata awe mwalimu, inaweza kukataliwa. Uliza kwanza ofisi inapokea tafsiri za nani.
4. Kitambulisho chako cha mkimbizi au karatasi ya familia.
5. Ada ya ofisi. Ulipe kwa njia ya benki au simu iliyotajwa na ofisi, na utunze risiti.

Kama karatasi zilipotea vitani, usikate tamaa. Andikia chuo chako cha zamani, au mtume ndugu aliyebaki huko. Chuo kikiweza kuthibitisha kwa barua kwamba ulisoma na kumaliza, una pa kuanzia.

Angalia jina lako

Jambo hili ni dogo lakini linaharibu safari za watu. Kongo tuna jina, jina la nyuma na jina la ubatizo. Siku ya kuandikishwa, ofisa aliandika alivyosikia. Leo cheti kinasema hivi na kitambulisho kinasema vile. Chukua karatasi zako zote leo, uziweke mezani, usome herufi moja moja. Kama kuna tofauti, uliza ofisi ya serikali ya wakimbizi, OPM, jinsi ya kusahihisha, au mwanasheria wa msaada jinsi ya kufanya hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo kabla ya kuomba, siyo baada ya kukubaliwa.

Maombi yenyewe

Vyuo vingi vitakuuliza barua ya kujieleza, barua za watu 2 au 3 wanaokufahamu, maelezo ya kazi ulizofanya, na ushahidi wa Kiingereza.

Katika barua ya kujieleza wengi huandika hivi: "Napenda sana afya na nataka kusaidia jamii yangu." Kila mwombaji anaandika hayo. Wewe andika ulichofanya na ulichokiona. Kwa mfano: "Kwa miaka 4 nilisimamia zamu ya usiku ya wauguzi 6. Dawa ziliisha mara kwa mara, nikaanza kuandika matumizi ya kila wiki katika daftari. Nataka kujifunza kufanya kazi hiyo kwa kituo kizima." Maneno hayo hayahitaji Kiingereza kikubwa. Yanahitaji ukweli. Usiandike habari za mateso tu. Chuo kinatafuta mtu atakayeweza kusoma na kufanya kazi.

Kazi ya kujitolea ni kazi. Andika miezi uliyofanya, nyumba ulizotembelea, ripoti ulizoandika. Omba barua kwa msimamizi wako sasa, wakati bado yupo, kwa sababu wafanyakazi wa mashirika huhamishwa na mikataba huisha.

Kuhusu Kiingereza, sisi tuliosoma Kifaransa tuanze mapema. Uliza chuo kinakubali mtihani gani. Vyuo vingine hukubali mtihani wa Duolingo unaofanywa kwa intaneti. Usilipe mtihani wowote kabla ya kujua kama chuo chako kinaukubali.

Fedha zitatoka wapi?

Wengi kambini wanasema, "Nangoja DAFI." DAFI ni msaada mzuri ulioanza 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, lakini umetengenezwa kwa shahada ya kwanza. Kama huna shahada ya kwanza, ufuatilie matangazo yake. Kama unatafuta masta, usipoteze mwaka ukiingoja.

Kwa masta kuna mpango wa UNICORE, ulioanza 2019, unaopeleka wakimbizi wenye shahada ya kwanza kusoma katika vyuo vya Italia. Uganda imewahi kuwa katika orodha ya nchi, lakini orodha na masomo hubadilika kila tangazo, na wanaangalia wastani wa alama zako. UNHCR pia ina ukurasa wa nafasi za masomo ya juu kwa wakimbizi, na lengo lao ni kwamba ifikapo 2030 vijana wakimbizi 15 kati ya 100 wawe katika elimu ya juu. Nenda kwenye intaneti ya kituo cha vijana ukauangalie mara moja kila mwezi.

Kama utasoma hapa Uganda kwa fedha za familia, uliza swali hili kabla ya kulipa: nitalipa ada ya raia au ya mgeni? Onyesha kitambulisho cha mkimbizi na uombe jibu kwa maandishi.

Jihadhari

Huduma za UNHCR hazilipiwi. Mtu akikuomba fedha ili akuweke kwenye orodha ya msaada wa masomo, huyo ni mwizi, hata akivaa kitambulisho shingoni. Ada ya kweli ya chuo huenda kwenye akaunti ya chuo, haiendi kwenye simu ya mtu. Na usinunue cheti. Cheti cha uongo kikigunduliwa unapoteza nafasi, na unawaharibia jina wenzako wanaokuja nyuma.

Mpango wa mwaka mmoja

Hapa mwaka wa masomo mara nyingi huanza Agosti. Anza Agosti ya mwaka unaotangulia.

Agosti na Septemba: kusanya karatasi, angalia majina, andikia chuo cha zamani.
Oktoba hadi Desemba: tafsiri, na kulinganisha vyeti.
Januari na Februari: chagua vyuo 2 au 3, omba barua za wanaokufahamu, andika barua yako na umpe mtu aisome.
Machi hadi Mei: jaza fomu na fuatilia matangazo ya misaada. Usingoje siku ya mwisho, mtandao wa hapa tunaujua.
Juni na Julai: ngoja majibu, endelea na Kiingereza. Kama utasafiri nje, uliza mapema habari ya hati ya kusafiria ya mkimbizi, kwa maana huchukua muda.

Ukikataliwa, uliza sababu. Jirani yangu alikataliwa, na sababu ndiyo iliyomwonyesha njia.

Ndugu msomaji, jioni ya leo toa ule mfuko chini ya kitanda. Panga karatasi, andika orodha ya zilizopo na zinazokosekana. Kisha njoo kituoni, uulize wahudumu wa kujitolea. Hatuna fedha za kukupa, lakini tutakaa na wewe kwenye benchi tuzisome pamoja, jina kwa jina.