Kidole tumbo kimetolewa. Jibu la maabara liko wapi?

Kidole tumbo ni kijisehemu chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya tumbo. Wengi hukifahamu kwa maumivu yake tu: mgonjwa hukimbizwa hospitali usiku, hupasuliwa, na baada ya siku mbili tatu hurejea nyumbani. Jamaa huja kumjulia hali, Mwenyezi Mungu hushukuriwa, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Kwa hakika halijakwisha. Kidole kilichokatwa hupaswa kupelekwa maabara kikatazamwe kwa hadubini, kwani katika kila watu 100 waliotolewa kidole tumbo, takriban mmoja hukutwa na uvimbe ambao hakuna aliyeushuku. Uvimbe huo huziba tundu la kidole, na kinachoonekana ni maumivu yale yale yaliyozoeleka. Kipimo cha ultrasaundi au cha CT huweza kuonesha kidole kilichotanuka mno, lakini jibu la uhakika hutoka maabara, aghalabu mgonjwa akiwa keshaondoka wodini.

Uvimbe wa aina ya nyurondokrini hukua polepole. Ukiwa chini ya sentimita 1 na umetolewa wote, upasuaji ule wa kwanza kwa kawaida hutosha. Ukizidi sentimita 2, daktari hushauri mgonjwa apasuliwe tena, aondolewe upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi za limfu zake. Baina ya vipimo hivyo, hutazamwa kama uvimbe umekaa kwenye shina la kidole au umepenya mafuta yanayokizunguka.

Ipo aina nyingine inayotoa ute mzito. Hapo mpasuaji hujitahidi kukitoa kidole kizima bila kukipasua, maana ute ukimwagika, chembe zake huota tumboni kimyakimya kwa miezi au miaka, hata tumbo likafura. Wapo wanawake walioambiwa kuwa ni uvimbe wa ovari, na wanaume waliodhani ni ngiri. Mwigizaji Audrey Hepburn alifariki Januari 1993 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo, miezi michache tu baada ya kugunduliwa.

Ute ukishaenea, wapasuaji huondoa kila uvimbe unaoonekana, kisha huzungusha tumboni tibakemikali iliyopashwa moto hadi nyuzi 41 au 43. Ni kazi ya kutwa nzima, na hospitali zinazoiweza ni chache.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla mgonjwa wako hajaruhusiwa, muulize daktari: kidole kimepelekwa maabara? Jibu nilifuate lini? Ukikabidhiwa chupa uipeleke mwenyewe, ipeleke siku hiyo hiyo. Isisahaulike kabatini kwa kuwa mgonjwa amepata nafuu. Gharama yake huuma, lakini ni ndogo mno mbele ya upasuaji wa kutwa nzima. Na aliyevuka miaka 40, akatibiwa kidole tumbo kilichotunga usaha kwa antibiotiki pasipo kupasuliwa, amwombe daktari wake kipimo cha CT na cha kamera ya utumbo mpana baada ya wiki chache, hata kama maumivu yamekwisha.